Wanaosali Wasimame Kando: Sala kama Maandalizi ya Majaribu



Wapendwa ndugu katika Kristo, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo, atake asitake, nalo ni majaribu. Hatutauliza kwa nini yanakuja, maana swali hilo ni zito na litatusindikiza mpaka mwisho wa safari yetu hapa duniani. Tutauliza swali dogo zaidi ambalo kila mmoja anaweza kulijibu leo: je, yatakapokuja yatatukuta tukiwa katika hali gani?

Mzee Yoshua bin Sira, katika sura ya pili ya kitabu chake, anamwonya mapema yeyote anayetaka kumtumikia Bwana ajiandae kujaribiwa. Hasemi kwamba huenda mtumishi huyo akajaribiwa. Anasema ajiandae, kama vile mkulima wa huku kwetu Hai anavyoandaa shamba kabla ya masika, wakati mbingu bado ni nyeupe na vumbi linatimka barabarani. Ni juu ya maandalizi hayo tunapotaka kutafakari, na tutawaomba watufundishe watu waliojaribiwa kweli kweli, ndugu zetu Mashahidi wa Uganda.

Katika bustani ya Getsemani

Kabla ya kwenda Uganda, na tupite kwanza Yerusalemu. Mwinjili Luka (22:39-46) anatusimulia sala ya Yesu usiku wa kuamkia mateso yake, na anatukumbusha jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona: kwenda kusali mahali pale kulikuwa ni mazoea ya Yesu. Yohane naye (18:2) anaeleza kwamba Yuda alipajua mahali hapo kwa sababu Yesu alikuwa akienda huko mara nyingi pamoja na wanafunzi wake. Maana yake ni kwamba Bwana wetu hakuanza kusali usiku ule kwa sababu hatari ilikuwa imekaribia. Hatari ilimkuta mahali alipozoea kusali. Hata msaliti alijua amtafute wapi.

Tumtazame sasa Petro. Saa chache kabla alikuwa ameahidi mbele ya wenzake kwamba yu tayari kwenda gerezani na hata kufa pamoja na Bwana wake. Sisi hatudhani kwamba alisema uongo. Alisema yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini alipoagizwa akeshe na kusali, usingizi ulimshinda. Alipoamshwa alikuwa na upanga mkononi, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Mapenzi yalikuwapo na ahadi ilikuwapo. Kilichokosekana ni kile kilichopaswa kufanyika bustanini, kabla ya mienge ya askari kuonekana.

Askofu aliyepita Moshi

Historia ya Mashahidi wa Uganda imetugusa sisi wa Kilimanjaro kwa karibu kuliko tunavyodhani. Mapema mwaka 1885, askofu wa Kianglikana, Mwingereza James Hannington, alipanda mpaka huku Moshi na kufika katika nchi ya Mangi Rindi. Baadaye mwaka ule ule alishika njia ya kupita Umasaini, akitaka kuingia Buganda kwa upande wa mashariki. Hakufika. Mfalme Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliyekuwa kijana bado na mwenye hofu juu ya wageni watokao mashariki, aliamuru auawe. Askofu huyo aliuawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Katika jumba la mfalme alikuwapo Mkatoliki mmoja aitwaye Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana waliomhudumia mfalme. Yeye alimkemea mfalme kwa kumwua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Tena alikuwa amezoea kuwakinga vijana waliokuwa chini yake dhidi ya matakwa machafu ya mfalme. Kwa ajili hiyo alihukumiwa kufa, na Jumapili ya tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa, wa kwanza miongoni mwa mashahidi Wakatoliki wa nchi ile. Yasimuliwa kwamba alimtumia mfalme ujumbe kuwa anamsamehe, na kumsihi atubu.

Tujiulize, wapendwa: mtu hupata wapi nguvu ya kumkosoa mfalme mwenye mamlaka juu ya uhai wake, kisha akafa akiwa hana chuki naye? Nguvu hiyo haiji kwa siku moja. Ili kuielewa yatupasa turudi nyuma miaka michache.

Miaka mitatu bila padre

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita Mapadre Weupe, walianza safari yao ya bara kutoka Bagamoyo mwaka 1878. Huko Bagamoyo walikuwapo tayari, tangu mwaka 1868, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wale waliokuja baadaye kuanzisha misheni ya Kilema katika mlima wetu mwaka 1890. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alitua Buganda pamoja na Bruda Amans. Mkuu wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alitaka wakatekumeni wafundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, kwa kuwa hakutaka Wakristo wa haraka haraka. Hata hivyo wachache walibatizwa mapema zaidi, na mwaka 1882 walibatizwa watu ambao majina yao leo tunayataja katika litania: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na Luka Banabakintu.

Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1882, wamisionari waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama, wakavuka ziwa na kuja upande wa kusini, ambako walikaa Bukumbi, karibu na Mwanza yetu ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo wale wachanga hawakuwa na padre, wala Misa, wala Kitubio. Baadhi yao walikuwa wamebatizwa kwa miezi michache tu. Mtu wa kawaida angetabiri kwamba wamisionari wakirudi watakuta majivu.

Walikuta moto unawaka. Katika jumba la mfalme, Balikuddembe alikuwa akiwakusanya vijana na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, alifanya vivyo hivyo nyumbani kwake. Huko Mityana, Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya watu wasali na kujifunza imani. Hawakuwa na kanisa la matofali. Walikuwa na sala walizozijua kwa moyo, na mazoea ya kukutana ili kuzisali pamoja. Kwa lugha yetu ya leo tungesema kwamba walikuwa na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nazo ndizo zilizolibeba Kanisa.

Jambo la namna hiyo limetokea hata hapa juu yetu, Machame na kwingineko mlimani, kwa ndugu zetu Walutheri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Leipzig waliondolewa nchini, na sharika zikaachwa mikononi mwa walimu Wachaga, ambao waliendelea kuongoza sala na mafundisho. Sharika hazikufa. Kanisa lililozoeshwa kusali linaweza kumpoteza mchungaji wake kwa muda bila kumpoteza Mungu wake.

Usiku wa Munyonyo

Baada ya kifo cha Balikuddembe, usimamizi wa vijana ulimwangukia Karoli Lwanga, ambaye alikuwa bado mkatekumeni. Lwanga na wenzake kadhaa walikimbilia misheni mara moja kuomba Ubatizo. Walikuwa wameona waziwazi kwamba Ubatizo unaweza kuwagharimu maisha, na hapo ndipo walipouomba kwa haraka. Kwa miezi sita iliyofuata Lwanga aliwalinda vijana wake, akawafundisha na kusali pamoja nao.

Tarehe 25 Mei 1886, mfalme akiwa Munyonyo kando ya ziwa, alirudi kutoka mawindoni akiwa na hasira kwa kuwakosa vijana wake. Alipojua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini kijana mwenzake, mtoto wa waziri mkuu, alimjeruhi kwa mkuki, na huyo akauawa. Malango yakafungwa. Kila mmoja alielewa kwamba kesho yake kutakuwa na hukumu.

Je, Karoli Lwanga alifanya nini usiku ule? Hakupanga uasi. Aliwakusanya vijana wakasali pamoja, na kwa kuwa hapakuwa na padre, aliwabatiza yeye mwenyewe wale ambao walikuwa bado wakatekumeni. Miongoni mwao alikuwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14 hivi, mdogo kuliko wote, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiuomba Ubatizo.

Asubuhi mfalme aliwaita wote barazani, akaamuru kwamba wale wasiosali wabaki karibu naye, na wale wanaosali wasimame kando, upande wa uzio.

Tulitafakari agizo hilo kwa utulivu, ndugu wapendwa. Mfalme angeweza kuuliza nani ana msalaba shingoni, au nani rafiki wa Wazungu. Hakuuliza hayo. Alama aliyoijua yeye, mtu asiyeamini, ni kwamba watu hawa husali. Katika Kiganda cha siku zile Wakristo waliitwa wasomaji, na neno hilo la kusoma lilibeba pia maana ya kusali. Lwanga alitoka mbele, na wengine wakamfuata. Hawakuhitaji kutafuta jibu asubuhi ile, maana walikuwa wamelijibu swali hilo kila siku katika sala zao za asubuhi na jioni. Mfalme aliwataka tu waonyeshe kwa miguu yao mahali ambapo mioyo yao ilikuwa imekwisha kusimama.

Yapo masimulizi mengine ya siku ile ambayo sisi mapadre hutugusa kwa namna ya pekee. Padre Lourdel alikuwapo Munyonyo, akijaribu kuonana na mfalme ili awaombee vijana wake. Hakupewa nafasi. Aliwaona wakipitishwa mbele yake wakiwa wamefungwa, wala hakuruhusiwa kuzungumza nao. Alichoweza ni kuinua mkono na kuwabariki. Tunalisema hili kwa unyenyekevu: katika saa kubwa ya jaribu, padre wako anaweza asiwepo, au akawepo asiweze kufanya lolote zaidi ya kuinua mkono. Yale aliyokufundisha kusali yatabaki nawe.

Juma la minyororo

Walitembezwa kutoka Munyonyo mpaka Namugongo, na baadhi yao waliuawa njiani. Matia Mulumba alikatwa viungo huko Kampala tarehe 27 Mei, akaachwa peke yake mpaka alipofariki tarehe 30 Mei. Waliofika Namugongo walifungwa karibu juma zima, wakati kuni zikikusanywa. Tunajua habari za siku hizo kwa kuwa watatu kati yao, akiwamo Denis Kamyuka, walisamehewa dakika za mwisho, wakaishi na kutoa ushuhuda. Walisimulia kwamba wafungwa walisali pamoja na kutiana moyo.

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na kuchomwa peke yake, polepole. Wenzake 12 Wakatoliki walifungwa katika mikeka ya matete na kuchomwa pamoja na Waanglikana waliokuwa nao. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa mtoto wa nyumba ya mkuu wa wauaji mwenyewe, ambaye alimsihi sana akane ili aokoke, naye akakataa. Walioshuhudia walisema kwamba kutoka katika moto ule walisikia sauti za watu wanaosali.

Mashahidi Wakatoliki wote ni 22, nao Waanglikana ni 23. Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki hao kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, akiwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina lile lile la Kristo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, sala haikuwaondolea jaribu. Ni vema tuliseme wazi, kwa sababu siku hizi yako mahubiri mengi yanayoahidi kwamba anayesali sana hatapatwa na baya. Kama ingekuwa hivyo, Namugongo pasingekuwa na kuni. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, na kikombe hakikuondoka. Luka anasema kwamba malaika alimtia nguvu. Wale vijana watatu waliosamehewa hawakuwa wamesali vizuri kuliko Kizito. Wote walisali, na Mungu akawapa wengine kufa wakimshuhudia na wengine kuishi wakimshuhudia. Basi, ndugu uliyesali kwa ajili ya mgonjwa wako naye akafariki, usidhani kwamba sala yako ilikuwa na kasoro. Huenda sala hiyo ndiyo iliyokushika usianguke siku ya maziko.

Pili, maandalizi hufanyika wakati wa utulivu. Miaka ile ya 1882 hadi 1885 haikuwa na matukio makubwa ya kuandikwa vitabuni. Watu walikutana, wakasali, wakarudi majumbani, wakakutana tena. Pengine walichoka, na pengine wengine waliona haina maana. Lakini ujasiri wa tarehe 26 Mei 1886 ulijengwa katika jioni hizo ambazo hakuna aliyezihesabu. Nasi tunapokuwa na afya, watoto wakiwa shuleni na chakula kikiwa mezani, ndipo huwa tunaiacha Rozari ya familia kwa kuwa taarifa ya habari imeanza, au kila mtu ameshika simu yake. Tunadhani tumepoteza dakika 20 tu.

Tatu, sala ya pamoja humbeba yule aliye dhaifu. Kizito alikuwa mtoto, lakini alikuwa na Lwanga kando yake. Katika Jumuiya zetu hapa Bomang'ombe tunasikia mara nyingi visingizio: nimechelewa kutoka dukani, nina wageni, fulani hatuelewani. Tukumbuke kwamba siku ya msiba ni wana-Jumuiya hao hao wanaofika kwanza, na katika usiku mgumu wa nafsi yako utahitaji mtu aliyezoea kusali pamoja nawe.

Nne, majaribu yetu ni tofauti, lakini swali ni lile lile. Kwetu hakuna mfalme anayetutenga kando ya uzio. Kuna mfanyakazi anayeambiwa atie sahihi hesabu asizoziamini, la sivyo atapoteza kazi. Kuna mjane anayesukumwa atoke katika kihamba alichoachiwa na mumewe. Kuna ndugu wa mume huyo, ambao nao wanajaribiwa na tamaa, na wengine wao hukaa nasi katika benchi moja kanisani. Kuna kijana aliyemaliza masomo na sasa ni mwaka wa tatu hana ajira, naye anashawishiwa kuingia katika biashara chafu. Kuna mzazi anayepigiwa simu usiku wa manane juu ya ajali katika barabara hii yetu kuu ya Moshi na Arusha. Kuna familia ambayo, mtoto akiugua muda mrefu, inaambiwa na jamaa waiweke imani pembeni kidogo na kumtafuta mganga. Katika kila jambo la namna hiyo inatolewa amri ile ile: wanaosali wasimame kando. Na mara nyingi hatupewi muda wa kufikiri.

Kusafisha mfongo kabla ya kiangazi

Sisi wa Bomang'ombe tunakaa chini, mahali pakavu, na tunajua maji yetu hutoka wapi. Wazee wa mlimani walichimba mifongo tangu kale, wakayaongoza maji kutoka mitoni mpaka kwenye migomba. Kazi yenyewe haikuisha kwa kuchimba. Kila mwaka watu wa ukoo au wa kijiji walipaswa kutoka pamoja na majembe, waondoe tope, majani na mawe yaliyoanguka, wazibe palipobomoka. Aliyekosa kutoka alitozwa faini. Kazi hiyo haingoji siku ambayo migomba imekwisha kunyauka, maana siku hiyo mfongo uliozibwa na tope hauwezi kusaidia, hata kama mlimani maji yapo tele.

Neema ya Mungu haipungui huko iliko. Sala ndiyo kuusafisha mfongo. Kwa hiyo tunawaomba, wapendwa, tuanze juma hili kwa mambo madogo yanayowezekana. Kila mmoja achague saa moja maalumu ya kusali, hata kama ni kwa dakika 10 tu, na asiiache. Kila familia isali pamoja walau jioni moja zaidi kuliko ilivyozoea. Wazazi wawafundishe watoto sala kuu wazijue kwa moyo, kwa sababu ipo siku watakayozihitaji bila kitabu mkononi. Na yule ambaye kwa muda mrefu hajaonekana katika Jumuiya yake, arudi. Wenzake wasimwulize alikuwa wapi, bali wampishe nafasi aketi.

Na kama yuko kati yetu ambaye tayari ameanguka katika jaribu, asikate tamaa. Petro alilala, akakana, akalia. Lakini Luka (22:32) anatueleza kwamba Yesu alikuwa amemwombea hata kabla hajaanguka, na baadaye Petro huyo alikwenda mpaka kufa kwa ajili ya Bwana wake. Nasi kabla hatujaanza kusali, yuko anayetuombea.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetafuta uso wa Baba katika usiku wa uchungu wako, utufundishe kusali wakati wa amani, ili saa ya kujaribiwa itukute tukiwa pamoja nawe. Uwape nguvu wote wanaojaribiwa leo katika parokia yetu, katika nyumba zao, kazini na vitandani mwao. Kwa maombezi ya Karoli Lwanga na wenzake, utujalie tusione haya kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaosali. Amina.

Mashahidi watakatifu wa Uganda, mtuombee. Tunawatakia juma lenye baraka.